Aliyesema Safi

Saa tisa alasiri, bakuli lilikuwa na damu kidogo kuliko ilivyopaswa.

Lilikuwa bakuli jeupe la udongo, limewekwa juu ya kigoda kando ya kitanda cha wagonjwa. Ndani yake palichorwa mistari ya bluu ya kupimia, na damu haikufika hata mstari wa chini. Pembe ilikuwa imekaa kwenye mkono wa mgonjwa muda wa kutosha kulijaza mpaka katikati. Binti wa mganga, ambaye nyumba nzima ilimwita Shahidi kwa sababu ya kazi yake, aliona hilo, akaona pia kwamba halikuwa na maelezo, akaliacha lipite. Mapenzi yalikuwa yamemzoesha kuacha mambo yapite.

Mji ule ulizungukwa na kinamasi, na homa ya kinamasi haikutoka mwilini kwa dawa ya kunywa. Ilitolewa kwa pembe. Mganga huchanja mkono, hubandika juu yake pembe ya fahali iliyotobolewa nchani, hunyonya kwa kinywa, hutema bakulini. Sheria ya kazi ilikuwa moja, nayo ilichongwa juu ya mlango wa nyumba: damu haimezwi. Ndiyo maana kila mnyonyaji alifanya kazi na shahidi. Akishatema hugeuka, hufungua kinywa, huinua ulimi, na shahidi hutazama chini ya ulimi, mashavuni na kooni. Kikiwa kitupu, shahidi husema, "Safi." Bila neno hilo mgonjwa hainuki kitandani.

Mnyonyaji aligeuka, akafungua kinywa.

"Safi," alisema Shahidi.

Neno lilimtoka upesi, kama mtu anayeitikia salamu. Macho yake hayakuwa kinywani. Yalikuwa juu kidogo, kwenye macho ya kahawia ya mwanamume ambaye wagonjwa walimpa jina la Mpole, kwa kuwa wembe wake haukuumiza. Wapenzi wengine huibiana macho madirishani. Hawa wawili walikuwa na nafasi hii, ya halali, mbele ya watu, mara nyingi kwa siku: uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia pumzi, na hakuna mzazi wa kuuliza mnatazamana nini.

Mpole alifunga kinywa, akampiga mgonjwa begani kwa upole.

"Haya Kobe, inuka taratibu."

Mgonjwa, fundi kufuli mwenye kifua kipana na vidole vyenye makovu, aliinuka nusu akabaki hapo hapo.

"Wee! Jina hilo umelitoa wapi?"

"Jina gani?"

"Kobe! Hilo jina la chumbani, ndugu yangu. Analijua mke wangu na mto wetu, na mto hausemi." Fundi alicheka mpaka kitanda kikalia. "Ati mimi nikianza jambo sifiki. Muulize mwenyewe akija kunichukua. La, usimuulize, ataniua."

"Ulilitaja ukiwa na homa."

"Homa ipi? Homa imenitoka wiki iliyopita. Ni wewe uliyesema nirudi."

"Basi ulilitaja wiki iliyopita," alisema Mpole, akaanza kumfunga kitambaa mkononi.

Zamani jeraha halikufungwa kitambaa. Mzee mwenye nyumba, baba yake Shahidi, aliweka kidole gumba juu ya mchanjo, akanong'ona neno moja, na ngozi ikashikana palepale. Hilo liliitwa neno la kufunga. Alilijua yeye peke yake, kama alivyolijua baba yake mwenyewe kabla yake, na angemwachia mtoto wake siku atakapoona safari imewadia. Sasa mzee mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa ileile aliyowatoa wengine, na wagonjwa waliondoka na vitambaa.

"Lala kwenye benchi la ukumbini kwanza," Mpole alimwambia fundi. "Usitembee mpaka mkeo afike."

Fundi alitoka akiendelea kucheka. Shahidi alibaki na bakuli mikononi. Wiki iliyopita alikuwa amesimama hapa hapa. Fundi alisimulia habari za mkwe wake anayekoroma, kisha akasinzia. Hakutaja jina lolote.

Kabla hajasema neno, shangazi yake alisukuma mlango. Alikuwa dada wa mzee, mwanamke mrefu aliyeendesha jiko, funguo na watu wa nyumba ile kwa sauti moja.

"Wewe kijana," alimwambia Mpole, kwani jina la Mpole hakuwahi kulitamka. "Kaka yangu homa imepanda. Anataka umtoe damu leo, kabla ya jua kuzama."

"Nilimwambia tangu juzi, shangazi."

"Shangazi yako yuko kwenu, kama kwenu kupo." Alimgeukia Shahidi. "Na baba yako ameniambia jingine. Ati amekubali muoane. Mimi nimesema wazi mbele yake na nasema mbele yako: sikubali."

"Shangazi, si sasa."

"Ni sasa. Mwanaume gani huyu? Hana mjomba, hana binamu, hana hata jirani wa kusema nilimjua akiwa mtoto. Hali mbele za watu. Nampelekea sahani, inarudi kama ilivyoenda. Nikifungua dirisha analifunga, jua linamuuma. Wewe unaona posa, mimi naona mgeni aliyehamia."

"Tumbo langu ni dogo, shangazi," alisema Mpole akitabasamu bila kufungua midomo.

"Na mdomo wako je? Mbona unaupangusa kila saa kama mwizi wa sukari?" Shangazi aliondoka bila kungoja jibu, na mlango ukarudi kwa kishindo.

Mpole alianza kuosha vyombo. Aliinamia beseni, akasugua pembe kwa mchanga mlaini kama alivyofundishwa, ndani kisha nje. Shahidi aliutazama mgongo wake, mgongo aliokuwa akiuota.

"Kobe umelitoa wapi?"

"Nimeshasema, bibi."

"Hakulitaja. Nilikuwepo."

"Basi nimebahatisha. Mtu mwenyewe anatembea kama kobe."

"Na Kijiti?"

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

Kijiti ni jina alilopewa na mama yake, kwa kuwa alizaliwa mwembamba na mkavu. Mama hakulitumia mbele ya mtu. Alilisema mlango ukifungwa, akimsuka nywele. Wiki moja baada ya mazishi, Mpole alimkuta uani analia bila sauti, akamwambia, "Nyamaza, Kijiti," na siku ile kumtazama kwa Shahidi kukawa mapenzi. Aliamini mama alimkabidhi jina hilo mtu huyu kabla ya kufa, kama mtu anayekabidhi funguo.

"Mama yako aliniambia," alisema Mpole.

"Mama alikuwa hasemi. Ulimi ulivimba siku moja kabla hujamtoa damu. Mimi ndiye niliyekuwa namdondoshea maji kwa pamba. Hakusema Kijiti, hakusema chochote, mpaka alipokufa." Aliweka bakuli chini. "Geuka. Fungua kinywa."

"Umeshasema safi."

"Fungua."

Alifungua. Kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja, Shahidi alitazama alipotakiwa kutazama. Ufizi ulikuwa mwekundu kupita ufizi wa mtu. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na chini yake palikuwa na damu mbichi ambayo haikuwa imetemwa. Meno mawili ya pembeni yalikuwa yamerefuka na kuchongoka. Aliinua kiganja mbele ya midomo ile, akangoja. Hakusikia joto. Pumzi aliyodhani anaisikia miezi yote ile ilikuwa yake mwenyewe.

Mpole alifunga kinywa.

"Umechelewa sana," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira wala aibu. "Nilidhani utaona mapema. Kuna siku nilikuja na meno mekundu kabisa."

"Tangu lini?"

"Unataka kujua kweli?"

"Usinizungushe."

Alijifuta mikono, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Tangu yule mwashi mwenye bega bovu. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri tu, sikuwa na nia mbaya na mtu. Nilikuwa nimejaza kinywa, wewe ukaingia ukabamiza mlango, nikashtuka, nikameza. Kabla sijainua kichwa nilikuwa najua kujenga tao la mawe. Najua chokaa kiasi gani, mchanga kiasi gani. Najua pia kwamba mwashi yule aliogopa mbwa na alimpenda shemeji yake. Hayo yote, kwa funda moja. Baba yako anawaambia wanafunzi kwamba damu ni sumu. Uongo. Damu ina kila kitu cha mwenyewe."

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza. Niligeuka nikafungua kinywa. Nilikuwa natetemeka. Ungesema si safi, ningepigwa, ningefukuzwa, leo ningekuwa nalima vitunguu kama baba yangu. Wewe ulinitazama machoni, ukatabasamu, ukasema safi." Alitabasamu sasa, na safari hii hakuficha meno. "Nikarudia kesho yake ili nione kama nimeota. Ukasema safi tena. Ya pili haikuwa ajali. Nami nikajua siumwi wala sizeeki, kwani miaka ya wenye damu pia inakuja na funda."

Shahidi alisogea mbele yake. "Na mama?"

"Alikuwa anakufa."

"Jibu."

"Alikuwa anakufa polepole. Sikuwa na haja ya kungoja."

Alimzaba kofi. Lilikuwa kofi la mtu asiyejua kupiga, na shavu alilolipiga lilikuwa la baridi kama beseni. Mpole hakujikinga.

"Nilimhitaji," alisema. "Nilikuwa nakutaka, na wewe ulikuwa na kiburi cha watoto wa nyumba hii. Macho ulinipa, lakini nje ya chumba hiki hukunijibu hata salamu vizuri. Nani angenifundisha njia ya kuingia kwako? Kwa mama yako nilijua ukikasirika hutaki kubembelezwa, unataka uachwe uoshe vyombo. Nilijua unapenda ganda la mkate lililoungua. Umewahi kuniona nakosea? Hata mara moja?"

Hakuwahi. Hilo ndilo lililokuwa likimfanya aamke akicheka peke yake.

"Kwa hiyo hukunipenda," alisema.

Mpole alifikiri kabla ya kujibu, na Shahidi aliona kwamba anafikiri kweli.

"Mama yako alikupenda. Mapenzi yake ninayo yote, yamekaa hapa, yananiuma ukilia. Yake yanaishia wapi na yangu yanaanzia wapi, sijui. Wewe unajali nini yametoka wapi? Hutapata mume atakayekupenda hivyo."

"Toka nyumbani kwetu."

"Nitatoka. Nikimaliza na baba yako."

Hapo ndipo Shahidi alipoelewa posa ilikuwa ya nini, na ugonjwa wa baba ulingojewa kwa nini.

"Unataka neno la kufunga."

"Pembe inanichosha. Kuchanja, kubandika, kutema cha kuwadanganya watu. Nataka kunyonya mtu barabarani, niguse jeraha, nitamke neno, mtu aende zake bila alama. Nani atanishtaki? Kisha nitakuoa. Utasimama pale unaposimama, utasema safi, na maisha yataendelea. Utakuwa mke wa mganga mkubwa kuliko babu yako."

"Nitamwambia baba sasa hivi."

"Mwambie." Alisimama, akachukua wembe na pembe. "Umwambie na hii: mmezaji na aliyesema safi hufungwa kamba moja na kuzamishwa kinamasini. Sheria hiyo imeandikwa na babu yako. Haikusema shahidi akiwa mjinga asamehewe. Haikusema akiwa amependa."

Alitoka. Shahidi alikuwa na njia mbili na zote alizijua. Akinyamaza, baba atakufa mikononi mwa mtu huyu, na yeye ataishi. Akisema, huenda baba akapona, na yeye atafungwa kamba. Alichukua bakuli safi, akamfuata.

Chumba cha mzee kilikuwa mwisho wa ukumbi. Walipita mbele ya benchi la fundi kufuli, aliyekuwa amelala chali na kofia usoni. Ndani, shangazi alikuwa amemwegemeza kaka yake kwenye mito. Mzee alikuwa amepungua, lakini macho yake yalikuwa bado ya mwalimu.

"Mwalimu," Mpole aliinama. "Nipe mkono."

"Mkono mwepesi kama wako sijaufundisha mwingine," alisema mzee. "Chanja, mwanangu."

Wembe ulipita. Mpole alibandika pembe juu ya mchanjo, akaikandamiza ikashika, kisha akainamisha kichwa.

Shahidi aliweka kiganja juu ya tundu la pembe.

"Asinyonye."

"Binti yangu, mchanjo uko wazi," alisema baba yake. "Homa hii ukiichanja usiponyonya, inarudi moyoni. Ondoa mkono."

"Baba, anameza."

Shangazi aliacha kukunja kitambaa. Mzee alimtazama binti yake, kisha mwanafunzi wake, kisha binti yake tena.

"Tumegombana," alisema Mpole kwa huruma. "Nimemwambia harusi ingoje upone, amekasirika."

"Fungua kinywa," alisema mzee.

"Mwalimu, shahidi ameshasema safi leo hii."

"Kijana, nimetazama vinywa kabla baba yako hajamjua mama yako. Fungua."

Mpole hakufungua. Alisogea hatua moja kutoka kitandani, na hilo likawa jibu.

"Tangu lini?" aliuliza mzee.

"Tangu yule mwashi," alisema Shahidi.

"Mwashi alikuja kabla ya mama yako kuugua."

"Ndiyo, baba."

Mzee alifumba macho.

"Na wewe kila siku ulikuwa unasema safi. Ulikuwa unatazama wapi?"

"Machoni mwake, baba."

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakalia, yakapotea.

"Chukua pembe," alisema mzee.

"Sijawahi kunyonya."

"Umeona wengine. Chukua, damu inasubiri."

"Atameza," alisema Mpole kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kutazama tu. "Wa kwanza wote humeza. Koo halijui kazi. Meza, Kijiti. Unajua yumo nani humo ndani? Miaka yote aliyolala naye, aliyokula naye. Mama yako yuko humo, mzima, anacheka. Mimi ninaye kama alivyojijua mwenyewe. Baba yako anaye kama alivyoonekana. Meza tu funda moja, utamwona."

Shahidi aliinama, akaweka midomo kwenye pembe, akavuta.

Damu ilikuja ya moto na chungu. Ilipogusa ulimi tu, kabla ya kufika popote, kitu kilifunguka pembeni mwa macho yake: mwanamke kijana amesimama kwenye mwanga wa dirisha, ameshika shati la mtu, anamcheka mwenye shati kwa sababu amelivaa ndani nje. Shingo ilikuwa ndefu. Pengo la meno ya mbele lilikuwa ni lile lile. Alikuwa anataka kusema jambo, midomo imeshaanza kufunguka, na koo la Shahidi lilijikaza lenyewe ili lishuke chini likasikie.

Alitema.

Bakuli jeupe liligeuka jekundu, na mwanamke yule akazimika akiwa hajasema.

"Mtazame," mzee alimwambia dada yake.

"Mimi? Mimi ni mtu wa jikoni."

"Una macho. Mtazame."

Shangazi alimshika Shahidi taya kama anayekagua mbuzi wa kununua. "Inua ulimi. Shavu hili. Na hili. Sema aaa." Alipiga magoti akachungulia mpaka pua zao zikagusana, akarudi nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imara. "Safi."

Alivuta tena, akatema tena, na kila mara yule mwanamke alikuja dirishani, na kila mara hakuachiwa nafasi ya kusema. Damu ilipofika mstari wa katikati, mzee aliweka kidole gumba juu ya mchanjo wake mwenyewe, midomo ikacheza, ngozi ikashikana. Jasho lilimtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Homa ilikuwa inamtoka. Alilala papo hapo, usingizi mzito ambao Shahidi aliujua kwa wagonjwa wao: mtu haamki hata ukimtikisa.

Shahidi aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kilichofuata kilisikika kabla ya kuonekana: benchi liliburuzwa kwenye sakafu ya ukumbi, kisha likaanguka.

Alikimbia. Fundi kufuli alikuwa chini kwa ubavu, kofia imeviringika mpaka ukutani. Mpole alikuwa amempigia magoti, kinywa kimezama shingoni mwake. Hakukuwa na pembe, wembe wala bakuli. Alisikia hatua, akainua uso. Damu ilimshuka kidevuni, naye hakuipangusa.

"Mwache!"

"Nimemaliza." Alisimama. "Unadhani nilimrudisha leo kwa sababu ya homa? Huyu ametengeneza kila kufuli la mji huu. La hazina, la gereza, la chumba cha binti wa yeyote. Kwa pembe nilionja tu, sasa ninayajua yote. Sitabisha hodi kwa mtu tena."

Shahidi alikuwa ameshapiga magoti, viganja vyote viwili juu ya shingo ya fundi. Damu ilipita katikati ya vidole. Meno yalikuwa yamechana mahali ambapo hakuna mganga aliyewahi kuchanja.

"Shangazi! Muamshe baba! Mwambie tunataka neno!"

"Nimemtikisa!" ilijibu sauti kutoka chumbani. "Haamki!"

"Hata akiamka hafiki hapa," alisema Mpole. Aliinama mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa Shahidi, karibu kama walivyozoea. "Neno sikulipata. Kwa hiyo nitaacha alama, na watu watajua nilikopita. Hilo umelifanya wewe. Njoo twende. Kamba ile haifungi mtu asiyekuwepo."

"Siendi."

"Watakufunga peke yako."

"Siendi na wewe."

"Utanichukia, Kijiti?"

"Jina hilo si lako. Usilitamke."

Kitu kilipita usoni mwake, na Shahidi alikijua kitu hicho. Ndivyo mama yake alivyokunja midomo alipojibiwa vibaya. Kilidumu muda mfupi. Kisha Mpole alijifunika kitambaa kichwani dhidi ya jua lililobaki, akafungua mlango wa wagonjwa, akatoka. Mlango ulikuwa na kufuli. Hakutumia ufunguo.

Fundi kufuli alijaribu kusema. Shahidi aliinamisha sikio.

"Ameniomba radhi," alisema fundi. "Kwa sauti ya mke wangu."

Hakusema jingine. Shangazi alikuja na vitambaa, wakavibadilisha mpaka vikaisha, na jua lilipofika kwenye ukingo wa mapaa viganja vya Shahidi vilikuwa vimeshika shingo isiyopiga tena. Shangazi ndiye aliyeviondoa, kidole kimoja kimoja.

"Nisikilize," alisema kwa haraka, akimsafisha mikono. "Mtu aliingia kutoka barabarani, mwizi, akamchoma. Kijana amemkimbiza. Hatujui zaidi. Baba yako nitamweleza mimi akiamka, na atanyamaza, ni mzazi. Umenisikia, mwanangu? Hakuna aliyeona."

Mlango wa wagonjwa ulikuwa bado wazi. Mwanamke mfupi mwenye kikapu mkononi alisimama kizingitini, amechoka kwa kutembea, akizoea giza la ukumbi.

"Hodi humu. Nimekuja kumchukua mume wangu," alisema. "Yule mzembe amelala tena?"

Kisha akaona.

Aliweka kikapu chini, akaja, akapiga magoti upande wa pili wa mwili. Aliugusa mkono wenye kitambaa, akaigusa shingo. Alikuwa mtu wa mji ule, aliwahi kuletwa hapa kwa homa mwenyewe, na kazi ya nyumba ile aliijua. Aliinua macho akamtazama shangazi, kisha akamtazama binti mwenye damu mpaka viwikoni.

"Aliyemnyonya ni nani?"

"Mwizi, mama," alianza shangazi. "Kutoka barabarani—"

"Ni Mpole," alisema Shahidi.

Mwanamke yule alivuta pumzi, akaishikilia, akaitoa.

"Na nani alikuwa shahidi wake?"

Shangazi alimshika Shahidi bega kwa nguvu.

"Mimi," alisema Shahidi.